Mchanga wa Malibu hauuzwi, waambieni na hilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nimesoma makala yenu ya majumba ya Malibu huko California, zile picha za bwawa la kuogelea limefika ukingoni kabisa, vioo toka chini hadi dari, bahari imejaa dirishani na bei imeandikwa chini ya kila picha. Nimeisoma mara mbili. Uongo sijauona, ila imeandikwa kama dalali anavyoongea na mteja, na mimi Malibu nimefanya kazi miaka sita, namuangalia mzee mmoja kwenye nyumba ya ufukweni, shifti ya mchana, asubuhi nakuja na basi toka Santa Monica na jioni narudi nalo, na mle kwenye basi tunajuana wote, wanaofua, wanaopika, wanaokata majani, wanaolea watoto wa watu. Kwa hiyo Malibu naijua kwa mlango wa jikoni.

Ninachotaka kusema ni kwamba kwenye hizo bei zenu kitu kikubwa kinachouzwa ni bahari, na bahari sio ya muuzaji.

California sheria yao haina kona. Ukishuka chini ya mstari wa wastani wa maji kujaa, ufukwe ni mali ya umma, yaani kwa lugha ya kawaida mchanga uliolowa ni wa kila mtu, hata uwe mbele ya sebule ya tajiri gani. Halafu ikaja Sheria ya Pwani ya mwaka 1976 ikaipa nguvu tume inayosimamia pwani nzima ya jimbo, kwamba ukitaka kibali cha kujenga pale unaweza kuambiwa sawa jenga, lakini acha njia watu wapite kwenda majini. Ndo maana kati ya nyumba na nyumba kuna vijia vyembamba na ngazi za kushukia. Mkosi wake ni kwamba njia iliyoandikwa kwenye karatasi na njia yenye geti lililofunguliwa ni vitu viwili tofauti.

Mimi yamenikuta. Mzee akilala mchana nilikuwa na dakika arobaini zangu, nikawa natembea kwenye mchanga uliolowa, sandozi mkononi, siku moja mlinzi akanifuata na kigari chake akaniambia mama rudi, hapa ni kwa watu binafsi, nikamwambia niko kwenye maji mimi, akasema hata kwenye maji. Jina la kampuni iliyomwajiri silitaji. Nilirudi. Nilikuwa sijui sheria wakati ule, na nina hakika hata yeye alikuwa hajui, ameambiwa tu afukuze watu. Iliniuma sana. Nilipokuja kusoma baadaye ndo nikajua nilifukuzwa mahali ambapo nina haki napo sawasawa na mwenye nyumba.

Na sio walinzi tu. Pale watu wameshawahi kuweka milango ya gereji ya uongo, nyuma yake hakuna gereji, ni ukuta mtupu, ili tu mtu asipaki gari mbele yake, na vibao vya kukataza kupaki ambavyo serikali haikuviweka. Ukikosa pa kupaki na ile barabara kubwa ya pwani magari yanapita kwa kasi vile, na watoto na mwavuli na ndoo utashukia wapi? Barabara yenyewe inaua, Oktoba 2023 wanafunzi wanne wa chuo cha Pepperdine waligongwa pembeni mwa barabara wakafa wote, mabinti wadogo kabisa. Hili kwenye picha za majumba haliingii kamwe.

Kuna David Geffen, yule tajiri wa muziki na filamu. Mwaka 1983 alikubali kuacha njia pembeni ya nyumba yake kwenye ufukwe wa Carbon ili apate vibali vya ujenzi. Njia ikaja kufunguliwa 2005. Miaka ishirini na mbili Mhariri, na katikati hapo alienda mpaka mahakamani kuipinga. Mtoto aliyezaliwa ule mwaka ameshamaliza chuo ndo njia inafunguliwa.

Tena ugomvi huu una karne nzima. Malibu yote ilikuwa shamba la familia moja, ya Rindge, walilinunua 1892. Mume alipofariki, mjane wake May Rindge akaweka fensi na walinzi wenye bunduki, hataki reli wala barabara ipite kwake, akapigana hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na 1923 akashindwa, barabara ikafunguliwa 1929. Kesi zilimmaliza hela, na kwa sababu ya kutafuta hela ndo akaanza kuwakodisha watu wa sinema vipande vya ufukwe miaka ya ishirini. Hiyo sifa yote ya Malibu ya mastaa imeanzia kwenye madeni ya mjane. Na kabla yake walikuwepo Wachumash, wenyeji wa asili wa pwani ile, jina lenyewe Malibu ni la kwao, Humaliwo, mahali mawimbi yanapopiga kelele. Hao hakuna aliyewauliza bei.

Sasa nije kwenye soko maana ndo mlikoanzia. Ni kweli 2023 Jay-Z na Beyoncé walinunua jumba la zege la Paradise Cove kwa dola milioni 200, bei ambayo California ilikuwa haijawahi kuiona. Hiyo mmeiandika. Mngeandika na ya Kanye West, alinunua nyumba ya Malibu 2021 kwa dola milioni 57 na kitu, akang'oa madirisha, mabomba, umeme, chumvi ikawa inaingia tu ndani, 2024 ikauzwa milioni 21. Nyumba ya ufukweni haiachwi wazi hata msimu mmoja. Kule kwa mzee wangu kila baada ya muda fundi anakuja kubadilisha bawaba, kutu imezila, na kila dirisha linafutwa chumvi, na anayefuta ni mimi au mwenzangu wa jioni.

Halafu moto. Mwaka 2018 moto wa Woolsey ulichoma mamia ya nyumba Malibu, na tarehe 7 Januari 2025 ukaja ule wa Palisades, safari hii hata nyumba zilizosimama juu ya nguzo pale pale kwenye mchanga ziliungua, safu nzima, maji yako mita chache nyuma yake na hayakusaidia kitu. Nilipita na basi barabara ilipofunguliwa. Zimebaki ngazi na mabomba ya moshi. Ndani ya basi hakuna aliyeongea, maana kila mmoja wetu alikuwa anahesabu nyumba alizokuwa anafanyia kazi, wenye nyumba walikuwa na mahali pengine pa kwenda lakini sisi kazi iliungua siku ile ile, na hilo sijaona gazeti lolote limeliandika.

Bima nazo hata kabla ya huo moto zilishaanza kukimbia, kampuni kubwa zilikataa wateja wapya au kuhuisha za zamani, mtu anabaki na ule mpango wa bima wa jimbo wa waliokosa kwingine kote, ambao kwa nyumba ya kuishi unaishia dola milioni tatu, sasa weka milioni tatu kwenye jumba la thelathini. Na mchanga wenyewe unaondoka. Ufukwe wa Broad wenye nyumba walirundika ukuta wa mawe 2010 kuzuia bahari isile nyumba, na ukuta wa namna hiyo unalinda nyumba ila mchanga ulioko mbele yake unazidi kuliwa, kwa hiyo mstari wa maji unapanda mpaka kwenye mawe, na ule mchanga uliolowa, ambao ndo fungu letu sisi wengine, maji yakijaa haupo tena.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, mkirudia makala za namna hii pembeni ya bei wekeni na njia. Vijana wetu wengi wanakuja huku, wengine kusoma, wengine kazi kama yangu, wanapita pale wanaona ukuta na kamera wanadhani ndo basi. Waambieni watafute kibao chenye alama ya nyayo na wimbi, hicho ndo cha njia halali, washuke ngazi, wakifika chini watembee kwenye mchanga uliolowa na mlinzi akija wasirudi kama nilivyorudi mimi.

Msomaji wenu,
Los Angeles