Barua kwa Projestus: lile daftari la 1996

Kamachumu,
23 Novemba 2025

Ndugu yangu Projestus,

Bwana asifiwe. Najua ninyi mmezoea Tumsifu Yesu Kristo, lakini pokea hii hii, tusianze ubishi wa madhehebu kwenye mstari wa kwanza. Sisi hatujambo. Mvua ipo, senene wameanza kushuka tangu juzi na watoto hawalali, wanakesha kwenye taa wakigombania ndoo. Mguu wa Ta Lameck bado unamsumbua. Yule ng'ombe uliyemwona siku ya mazishi amezaa dume, basi tumevumilia. Asante tena kwa kuja kumzika mama. Na ile sukari uliyoiacha jikoni bila kusema, Ma Koku aliiona, akanitangazia kijiji kizima.

Sikupigii simu. Simu yako iko spika siku zote, ukiongea na mtu hata konda wako anachangia hoja. Jambo hili nataka ulisome peke yako, mlango ukiwa umefungwa.

Nimepata daftari.

Nilikuwa nasafisha chumba cha mama baada ya arobaini. Chini ya uvungu kuna lile sanduku la bati la marehemu baba, nikafungua nikitafuta hati ya kibanja, maana unajua wadogo zangu. Juu kuna kanga, vyeti vya ubatizo, risiti za kodi ya kichwa. Chini kabisa, kaunta buku letu. Projestus, lile la msimu wa kahawa wa 1996! Mimi niliapa kwamba tulilichoma. Wewe uliniambia umelichoma wewe. Mama alikuwa amelifunga kwa gazeti na kamba ya mgomba. Hakuniuliza kitu miaka 29. Sijui kama alilisoma. Alijua kusoma, hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nusu ya kurasa ni mwandiko wangu, nusu ni wako, zile saba zako zenye mkia. Jina la mkulima, idadi ya magunia, uzito wa mizani, na ule mstari wa mwisho tuliouandika "Z". Ziada. Nilikaa kitandani kwa marehemu nikajumlisha kwa penseli mara tatu. Wakulima 43. Kilo 618 za kahawa ya maganda. Tuligawana nusu kwa nusu, kwa hiyo langu ni 309.

Nikukumbushe, maana mwanadamu husahau anachotaka kusahau. Wanunuzi binafsi ndiyo kwanza walikuwa wameruhusiwa, kila njia panda kuna mtu na mizani yake, na sisi vijana tuliojua kuandika tukapewa ukarani. Ile mizani ya kuning'inia ilikuwa na kaskurubu kadogo. Asubuhi unakazungusha, sindano inaanzia kilo mbili nyuma ya sifuri. Siku nyingine tatu, tukiwa na haraka ya maisha. Mzee analeta gunia la kilo 60, sindano inasema 58, karani anaandika 58, mzee anashukuru. Jioni tunachota ziada, tunaijaza kwenye gunia letu nyuma ya stoo, tunaiuza kwa jina la mjomba wako. Msimu ule ule MV Bukoba ilizama, tarehe 21 Mei. Watu walikuja kwenye mizani wamenyoa vichwa vya msiba. Tuliwapima vilevile. Nimeangalia daftari, hatukuruka hata wiki moja.

Sasa utaniuliza, Elisha, umeingiliwa na nini, uzee? Kwenye usharika wamenichagua mzee wa kanisa. Mchungaji ataniingiza kazini Januari, mbele ya watu, na atauliza yale maswali, nami nitajibu ndiyo, Mungu akinisaidia. Nilikuwa nimeshafua suti. Halafu daftari likatoka uvunguni.

Unamkumbuka bibi yangu, yule mlokole, aliyekukatalia kuingia na rubisi, pombe yetu ya ndizi, nyumbani kwake. Yeye kila mara alitusimulia moto ule wa uamsho wa walokole ulivyotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukaja mpaka huku kwetu. Nsibambi, Blasio Kigozi, wale viongozi wa mwanzo, aliwataja kama watu wa ukoo wake. Sisi tulikuwa tunasikia wimbo wao wa Kiganda tu na kucheka wanavyokumbatiana. Lakini bibi hakusimulia nyimbo. Alisimulia vitu vilivyorudishwa. Babu alikuwa mpishi wa mmisionari, Mswidi. Alipookoka alibeba vijiko viwili na kikombe cha sukari, akatembea saa nzima kuvirudisha. Mzungu hakuwa hata na habari kwamba vimepungua. Na Festo Kivengere, kabla hajawa askofu, alipanda baiskeli mwendo mrefu kwenda kumwomba radhi mzungu ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia. Bibi alipenda sana hiyo baiskeli. Kwao kuokoka kulikuwa na safari ya kwenda nyumbani kwa mtu fulani, kubisha hodi, na kusema jambo la aibu kwa sauti.

Siku hizi sisi tunatoa shuhuda za kupata. Nimepata gari, nimepata viza, Bwana ametenda. Sijamsikia mtu akishuhudia alichorudisha. Mimi mwenyewe nimefunga siku 40, nimekesha, nimeimba kwaya miaka kumi na moja sauti ya pili, na muda wote huo zile kilo zilikuwa uvunguni kwa mama yangu.

Basi nikaanza kulipa.

Usishtuke, sijakutaja. Bado. Ngoja kwanza nikueleze yaliyonipata, maana mengine ni ya kuchekesha kama si mimi ninayechekwa.

Nilipiga hesabu ya kilo zangu kwa bei ya maganda ya sasa. Zakayo alirudisha mara nne, lakini Zakayo alikuwa tajiri. Nikashika ile ya Mambo ya Walawi, unarudisha chote na kuongeza sehemu ya tano. Nikauza miti mitatu ya mbao na yule beberu. Jumamosi moja nikavaa vizuri nikaenda kwa Ma Paskazia. Amefariki, nilijua, ila nilimtafuta mwanawe. Nikasema yangu yote huku jasho linanitoka. Kijana akanitazama kwa huruma, akaniuliza, "Mzee, umeokoka au umeugua?" Akachukua hela, akampa mkewe akanunue dagaa. Ikaisha hivyo. Nilitegemea tutapiga magoti, sijui.

Wa pili Ta Kalumuna. Huyu ndiye ninayetaka kukusimulia habari zake. Ana miaka zaidi ya themanini, macho hafifu, masikio kama ya paka. Nikamwambia: mzee wangu, mwaka 1996 nilikuibia kwenye mizani. Akatafuna tumbaku yake taratibu. Akasema, "Nilijua."

Nikanyamaza.

"Wote tulijua. Mizani ya njia panda, ya vijana wawili. Tulikuja kwenu kwa sababu mlilipa taslimu. Yule mwenye butura alikuwa anachukua kahawa ingali maua, kwa bei ya chumvi. Ninyi mlikuwa wezi wadogo."

Projestus, miaka yote hii mimi na wewe tulijiona wajanja! Wazee wale walikuwa wanasimama pale, wanatazama sindano, wanatutazama usoni, wanajua, wanasema asante karani. Nilitamani aniite mwizi mkubwa, nafsi yangu ingepumua kidogo.

Nikampa bahasha. Akahesabu kwa vidole, noti moja moja, mara mbili. Akasema, "Pungufu."

Daftari linasema magunia tisa. Yeye anasema kumi na nne. Nikafungua ukurasa, nikamsomea. Akasema yeye hakuzaa daftari, alizaa kahawa, na anakumbuka kumi na nne kwa sababu mwaka ule aliezeka bati na bati zilipungua. Tukabishana! Mimi niliyekwenda kutubu nikapandisha sauti kwa mzee wa watu juu ya magunia matano. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikamweleza mke wangu. Yeye tangu mwanzo hakulipenda jambo hili. Usiku wa kwanza alisema wokovu wangu unakula ada ya mtoto, na ni kweli unakula, kijana wa mwisho yuko kidato cha tano. Tena nilipomweleza kwamba nusu ya mahari yake ilitoka kwenye Z, alikaa kimya kutwa nzima, jioni akasema, "Kumbe nilinunuliwa kilo mbili mbili." Sikuwa na jibu. Ningekuwa na jibu gani?

Lakini usiku ule wa Ta Kalumuna aliacha kusuka mkeka, akaniangalia, akasema, "Yaani umeliamini daftari la mwizi kuliko mzee aliyeibiwa?"

Kesho yake nililipa kumi na nne.

Mpaka sasa nimemaliza watu kumi na saba. Wengine wamekufa, wengine wamehamia Karagwe, mmoja alinifukuza, mmoja alilia na mimi sikuwa na haja ya yeye kulia, alikuwa ndiye wa kilo tatu tu. Kuna aliyesema anataka niseme kanisani siyo sebuleni kwake. Na hapa ndipo nilipokwama, hapa ndipo barua yenyewe ilipo, yote niliyoandika juu ni kuzunguka mbuyu.

Kila nyumba wanauliza: mwenzako yuko wapi?

Wanakukumbuka. Wanakumbuka shati lako la madoa. Nikisema "nilikuibia", wananisahihisha, "mliniibia." Nimejaribu kulipa sehemu yangu tu na kunyamaza juu ya nyingine, lakini mzee aliyepoteza kilo 18 hana sehemu yangu na sehemu yako, ana kilo 18. Kwa hiyo nimekuwa nalipa zote. Sikudai, usinielewe vibaya. Au labda nadai, sijui. Nikisema kanisani Januari, nikitaja mizani ya njia panda, hakuna atakayeuliza ni nani wa pili. Wewe ni mweka hazina wa parokia huko Mwanza, unashika mfuko wa watu, na huku na huko siku hizi ni WhatsApp tu. Naijua habari itakavyofika kabla ya basi.

Ninyi mna kitubio. Unaingia kwenye kile kiboksi, unamnong'oneza padri, unapewa sala zako, unatoka. Zamani nilikuwa nakutania kwamba ni njia ya mkato. Sikutanii tena. Ila nilimuuliza katekista wenu hapa, bila kutaja mtu, akaniambia padri naye hukuambia ukarudishe cha watu. Kwa hiyo kumbe hatuachani mbali.

Jambo lingine ambalo nalisema kwako tu. Siku nyingine nikitoka kwenye nyumba ya mtu najisikia vizuri mno. Natembea kifua mbele, nataka mtu aniulize nilikuwa wapi. Hapo najua nimeanza tena kuchezea kaskurubu. Nikiwaza kusimama kanisani nikitubu, nusu ya wazo ni toba na nusu ni suti. Bibi angenisoma dakika moja. Wale walokole walikuwa wakali kwa hilo, mtu akishuhudia kwa madaha wanaanza wimbo kumkatiza. Sina wa kunianzishia wimbo, mke wangu anaguna tu.

Sikuandikii kukuhukumu. Mafunzo yako ya udereva yalitoka humo, najua, na kutoka kwenye udereva ndiyo ile gari ya kwanza, na kutoka gari ya kwanza umesomesha watoto wa dada yako wanne baada ya yeye kufa. Ukianza kuvuta huo uzi sijui utakatikia wapi. Nimejiuliza hata kama nina haki ya kuuvuta. Mungu ameniita mimi, hakuniambia nikulete umefungwa kamba. Lakini dhambi tuliifanya wawili kwenye gunia moja, na sasa nashindwa kuifungua peke yangu bila kukugusa.

Basi niambie. Ulijua kwamba mama analo daftari? Ni wewe uliyempa? Nikisema Januari, niseme "mimi" tu na kuwaacha wamalizie, au ningoje mpaka na wewe uwe tayari, na kama sitasimama Januari nimwambie nini Mchungaji? Je, unataka kurasa zako? Naweza kuzinakili nikutumie, majina 26 yaliyobaki, ulipe kwa mkono wako na kwa wakati wako, hata kwa simu. Au utakuja? Siku hizi kuna daraja pale Busisi, kisingizio cha pantoni kimekufa. Tungezunguka wote wawili siku tatu, wewe ungeongea, mimi siku zote nilikuwa mbaya kwenye kuongea. Mkeo anajua? Umekasirika? Ukikasirika niandikie hivyo hivyo ukiwa na hasira, usinyamaze. Ulinyamaza 2009 juu ya ile habari ya pikipiki na mimi nilikonda.

Ta Kalumuna anakusalimu. Alisema, "Mwambie yule wa shati la madoa, mimi bado nipo, lakini asichelewe."

Wako,
Elisha

Kondakta atakupa na kifurushi. Ni senene, mke wangu amewakaanga kwa chumvi tu kama unavyowapenda. Ni kilo mbili. Wapime.