Sumu isisubiri mwisho wa muhula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie walimu wanaofundisha somo la dawa na sumu kwa wanafunzi wa udaktari wa mifugo. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mbuzi hapa Pongwe, Tanga. Kabla ya kustaafu nilikuwa afisa ugani wa mifugo, na kwa miaka kadhaa sasa napokea vijana wanaokuja fildi.

Masika iliyopita mbuzi wangu walivunja ua wakaingia kwenye shamba la jirani la mihogo michungu. Nilipofika, watatu walikuwa chini, wanahema kwa nguvu, povu linawatoka. Nilikuwa na kijana wa mwaka wa nne. Akakimbilia ndani, akarudi na sindano ya antibiotiki, maana alipoona mnyama anahema alidhani ni mapafu. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu mfunue mdomo kwanza." Ufizi ulikuwa mwekundu wa kung'aa.

Hapo uso wake ukabadilika. Akanieleza palepale, bila kusita, kwamba saianidi, sumu inayotoka kwenye mihogo michungu, huzuia seli zisitumie oksijeni, ndiyo maana damu hubaki nyekundu vile hata mnyama akiwa anakata roho. Akataja dawa za kuizima sumu hiyo: sodiamu naitraiti, akataja na sodiamu thayosalfeti. Yote sahihi. Lakini mbuzi wawili walikuwa wameshakufa, na hiyo thayosalfeti sikuwa nayo, wala duka la dawa za mifugo tulilokimbilia halikuwa nayo. Wa tatu alisimama mwenyewe jioni; nadhani alikula kidogo.

Simlaumu kijana, na chuo chake sikitaji. Ni mtoto mwenye bidii. Shida ni kwamba mtihani ulimuuliza "eleza saianidi inavyoua", naye akaeleza akapata alama zake. Zizini hakuna anayekutajia jina la sumu. Unakuta mnyama anahema, mwenye mali amekukodolea macho, na dakika zinakwisha. Tunawafundisha vijana kutoka kwenye jina la sumu kwenda kwa mnyama, wakati kazi yenyewe inaanzia kwa mnyama.

Wanafunzi niliowapokea huniambia kwamba dawa hufundishwa kwanza kwa kirefu, sumu hufuata mwishoni, muhula ukiwa umebana. Mimi naona hapo ndipo tunapokosea, kwa sababu huku kwetu vitu hivyo viwili vinakaa kwenye chupa moja. Chukua dawa ya kuogeshea kupe, amitrazi ya asilimia 12.5. Kipimo chake ni mililita 2 kwa kila lita ya maji. Bomba la mgongoni la lita 15 linataka mililita 30. Sasa mfugaji anapimia kifuniko cha chupa, na kifuniko hicho hakijulikani kinaingiza kiasi gani. Mwanafunzi anayejua hesabu hiyo darasani, lakini hajawahi kujaza kifuniko maji akayapima kwa bomba la sindano, atamwambia nini mfugaji huyo? Wapo pia wanaopulizia ng'ombe dawa ya wadudu wa mboga. Ng'ombe anatoa mate, machozi, anaharisha, misuli inatetemeka. Mpe mwanafunzi dalili hizo peke yake, umfiche jina, kisha umwache atafute njia mpaka afike kwenye atropini, dawa ya kuzizima dalili hizo.

Au sindano ya minyoo na kupe, avamektini ya asilimia 1, ambayo ni mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Hesabu ni ya mtoto wa shule ya msingi. Kilo ndizo hatuna. Nimeona mtamba akikadiriwa kwa macho kuwa na kilo 300, tulipomzungushia kifuani utepe wa kukadiria uzito akatoka na 190. Utepe ule ni sehemu ya somo la dawa, lakini vijana wengi niliowapokea waliushika kwa mara ya kwanza zizini kwangu.

La maziwa ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa mkoa wetu unaishi kwa maziwa. Ng'ombe akiugua kiwele anawekewa antibiotiki kwenye chuchu, na kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla maziwa hayajanywewa. Kijana anazijua siku hizo kwa kukariri. Hajui kwamba mama anayeuza mtindi naye anaiona dawa hiyo bila maabara: maziwa yanakataa kuganda, kwa sababu dawa imewaua bakteria wanaogandisha. Mwanafunzi akionyeshwa vyungu viwili, kimoja kimeganda na kingine bado maji, hatasahau maisha yake yote. Pia atapata maneno ya kumwambia mfugaji mwenye ng'ombe mmoja anayemlipia ada ya watoto, kwamba leo na kesho ayamwage. Hayo ni mazungumzo magumu, na nayo yanataka kufundishwa.

Tofauti za wanyama sitazirefusha. Kipimo cha zailazini, dawa ya usingizi, cha kumlaza ng'ombe ni takriban sehemu moja ya kumi ya kile cha farasi. Paka hana uwezo wa kuivunja parasetamoli mwilini kama mtu, na kidonge kimoja alichopewa kwa huruma kinaweza kumuua. Haya yakifundishwa kama orodha husahaulika. Yakifundishwa kwa kuuliza mwili wa mnyama huyu unafanya nini ambacho wa yule haufanyi, hukaa.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Sumu ianze wiki ileile dawa inapoanza, na sehemu ya mtihani ifanyike zizini, kwa mdomo, mnyama akiwa mbele ya mwanafunzi. Kila wilaya ina mimea na madawa yake. Vijana watembee madukani waandike kilichopo rafuni na, muhimu zaidi, kisichokuwepo.

Zizi langu liko wazi. Mwalimu atakayeleta wanafunzi wake masika ijayo nitamwonyesha ule ua ulipovunjika, na mihogo bado ipo. Utepe ninao, mizani ya mbuzi ninayo, na thayosalfeti nimeagiza.

Mfugaji na afisa ugani mstaafu,
Pongwe, Tanga.