Mashine ya kumnyoa farasi wako mzee

Yorkshire, Uingereza
Septemba

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Huku hatujambo, na nimefurahi mno kusikia kwamba Scotland imeanza kukuzoea. Barua yako niliisoma jioni baada ya kufunga mabanda, kisha nikairudia, maana swali lako si la kujibiwa kwa mstari mmoja. Mwenye farasi amekuachia uchague mashine ya kumnyoa yule jike mzee, na anataka inunuliwe moja ya kudumu. Tulia basi nikueleze ninavyolijua jambo hili.

Pale Ngong tulikuwa tukipiga brashi, tunapitisha kitambaa, farasi anang'aa. Mchana na usiku wa Nairobi karibu zinalingana mwaka mzima, na farasi huota manyoya ya baridi kwa kufuata urefu wa mchana kuliko hata baridi yenyewe. Huko uliko, jua la Desemba halifikishi muda wa saa nane angani, na la Juni linapita saa kumi na saba. Mwili wa farasi unayahesabu hayo. Tena wako ni poni wa Highland, aina ya milimani: juu ana manyoya magumu, na chini yake yapo malaika, yaani manyoya madogo yaliyosongamana, laini kama sufi. Mtie vidole shingoni uone vinavyozama. Ongeza sasa ugonjwa wa Cushing aliokutwa nao na daktari. Tezi iliyo chini ya ubongo inavuruga homoni, na manyoya hayapukutiki inavyotakiwa hata majira ya joto yakifika. Ndiyo sababu ulimkuta amelowa jasho naye kasimama kivulini. Kwa hiyo usifikirie mashine ya kutoka kabatini mara moja kila Oktoba. Huyu atahitaji kunyolewa Oktoba, na huenda tena mwishoni mwa baridi na katikati ya kiangazi.

Neno langu kubwa ni hili: nunua nguvu ya mota. Dukani utaonyeshwa mashine ndogo za betri, nyepesi, zisizo na kelele, bei yake ya kuvutia. Hizo ni za kusafishia masikio, kidevu na nywele za miguuni, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Ukiipeleka kwenye ubavu wa poni wa Highland, malaika yanajaa katikati ya meno, mota inapungukiwa na kasi, na meno yasiyo na kasi hayakati tena, yanang'oa. Farasi akiumizwa hivyo, mwaka ujao atatetemeka akisikia tu mlio.

Na kwa huyu kuna jambo zito zaidi. Wagonjwa wa Cushing hushikwa kwa urahisi na maradhi ya kwato, zile nyama za ndani zinazoshikilia ukucha zinavimba, na kusimama kwenyewe kunakuwa adhabu. Mashine dhaifu itamsimamisha muda mrefu juu ya miguu inayomuuma. Yenye nguvu itammaliza upesi, na bado ningekushauri umnyoe kwa siku mbili, upande mmoja leo na wa pili kesho. Hakuna aliyesema lazima apendeze siku hiyohiyo.

Mimi ningechukua mashine kubwa ya umeme wa ukutani, zile zinazoandikwa kuwa za kazi nzito. Za kampuni ya Lister ya hapa Uingereza na Heiniger ya Uswisi ninazijua mkononi na ninaziamini, hasa kwa kuwa meno na vipuri vyake unavipata bila kuhangaika. Kama banda lenu halina umeme, zipo za betri zenye nguvu ya kutosha, ila dai betri ya pili, kwa sababu betri ikiisha farasi yuko nusu, utabaki unamtazama. Ukitumia ya waya, chomeka kupitia kifaa kinachokata umeme chenyewe hitilafu ikitokea, na waya upite mbali na kwato zake. Hilo usikubali liahirishwe.

Kabla ya kulipa, ishike. Mikono yako ni midogo, naikumbuka, na nyingi za mashine hizi zinapita kilo moja. Inyooshe juu ya bega lako kama unayefika mgongoni, ukae hivyo kidogo. Vidole visipokutana kwenye mwili wake, tafuta yenye kiuno chembamba hata kama bei imepanda. Iwashe pia. Kelele za kawaida farasi huzizoea, mtikisiko ndio unaomchosha yeye na wewe.

Sasa meno, maana hapa ndipo watu wanapobania pesa. Hayo huuzwa kwa jozi: la chini ni kitana kinachoinua manyoya, la juu ndilo linalokata. Kwa Heiniger utaona namba kama 31/15, yaani meno 31 chini na 15 juu. Kitana chenye meno machache yaliyoachana kinapenya manyoya mazito kwa urahisi zaidi. Kwa huyu mzee chagua meno ya kuacha manyoya marefu kidogo, milimita tatu hivi, asibaki uchi kwenye upepo wa huko. Nunua jozi mbili, na usichanganye la juu la jozi hii na la chini la ile, hata ukipeleka kunoa. Hakikisha pia ni ya mashine hiyohiyo, mengi hayaingiliani.

Ukifunga meno, kaza skrubu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Ikiacha mistari au ikitafuna, usikaze kwa hasira. Zima kwanza, safisha, tia mafuta, ndipo ukaze kidogo sana. Mafuta tia kila baada ya dakika tano mpaka kumi, na kila mara gusa meno kwa upande wa nje wa mkono wako: yakikuchoma wewe, yanamchoma na yeye. Ngozi ya mgonjwa huyu ikikwaruzwa inashika vidonda haraka, na kidonda chake hakiponi upesi.

Vumbi linaua meno kuliko manyoya, kwa hiyo muogeshe siku moja kabla, akauke kabisa hadi kwenye malaika. Na blanketi liwe tayari mlangoni kabla hujawasha mashine.

Muulize mwenye farasi kama banda lina umeme, na kama fundi wa kunoa meno yuko karibu au ni kutuma kwa posta. Ukipata majibu, niandikie bei ulizoonyeshwa tulinganishe na za huku. Ukishaichagua, nipigie ukiwa bado dukani, iwashe karibu na simu niisikie inavyolia.

Nisalimie wote wa hapo, na huyo mzee mpe karoti moja isiyo kubwa, daktari asijue.

Mimi saisi mwenzako wa Ngong