Barua ya wazi kwa wanafunzi wa avioniki: nani kati yenu aliiona namba ile?

Wanangu,

Shikamoo zenu nilizipokea mlangoni, chai na vitumbua nilikula, na kiti cha mbele mlinipa. Kwa hiyo msije mkasema mzee huyu hana shukrani. Nimeandika nikiwa na hasira, na nimeiacha hasira hiyo ikae wiki tatu nikidhani itapoa. Haikupoa.

Mnakumbuka niliitwa chuoni kwenu, chuo ambacho sitakitaja, nikae na jopo la kukagua kazi zenu za vitendo za avioniki, yaani ufundi wa vifaa vya umeme na elektroniki vya ndege. Nilipewa madaftari saba ya jaribio moja: kupima mfumo wa pitoti na statiki, yaani mirija na matundu yanayoiambia ndege inakwenda kasi gani na iko juu kiasi gani. La kwanza nikaona ni safi sana. La pili safi. La tatu nikaanza kukuna kidevu. Namba zilikuwa zile zile, mstari kwa mstari, mpaka desimali. Halafu juu ya ukurasa, pale mnapoandika mgandamizo wa hewa mliouweka kwenye altimita, saa ile inayoonyesha ndege iko juu kiasi gani, madaftari sita yote yalikuwa yameandikwa 29.29.

Ishirini na tisa nukta ishirini na tisa! Kila aliyewahi kushika kitufe cha altimita anajua mgandamizo wa kawaida wa usawa wa bahari ni inchi 29.92 za zebaki. Mmoja wenu aligeuza tarakimu, watano wakadesa. Na kama kweli mngeweka 29.29, mshale ungesoma chini kwa takribani futi 600, na jedwali lote mlilolijaza lingehama. Halikuhama. Lilikaa sawasawa na la kitabuni.

Nikaomba nionyeshwe kifaa. Nikapelekwa kwenye chumba cha nyuma, nikakuta boksi limefunikwa kitambaa cha meza chenye maua, na kibandiko chekundu: KIBOVU, cha mwezi wa Februari. Pampu yake ya kunyonya hewa ilikuwa imefunguliwa na kuwekwa kwenye ndoo. Tarehe za vipimo vyenu ni za Aprili.

Daftari la saba lilikuwa la binti mmoja. Ukurasa mzima aliandika maneno matatu: "Kifaa kibovu. Sikupima." Alipewa alama 4 kati ya 20. Nyinyi sita mlipata 17.

Hapo ndipo niliporudisha kikombe cha chai mezani.

Nilipouliza, kijana mmoja mwenye adabu zake alinijibu, "Mzee, tukiacha wazi tunapata sifuri, na ada ni ya baba." Jibu hilo limenikosesha usingizi kuliko namba zenyewe, maana ni la kweli. Nitalirudia. Kwanza niwaeleze kwa nini namba ya kupika katika fani hii si sawa na insha ya kudesa.

Ndege haijui iko juu kiasi gani. Inachokijua ni mgandamizo wa hewa inayogusa matundu madogo ubavuni mwake, basi. Kutoka kwenye hewa hiyo inajitengenezea urefu, na ikiilinganisha na hewa inayoingia kwenye pitoti inapata mwendo. Mmefundishwa, najua. Ambalo sidhani mmelitafakari ni hili: rada nayo haijui. Rada ya zamani hupiga wimbi na kungoja mwangwi, mikrosekunde 12.36 kwa kila maili ya baharini, kwenda na kurudi, na hupata umbali na upande wa ndege ilipo. Kwa rada za kuongozea ndege za abiria, urefu ni jambo la kuulizwa. Mtambo wa chini unauliza kwa megahezi 1030, transponda, kifaa cha kujibia kilichomo ndani ya ndege, inajibu kwa 1090, na jibu la urefu linatoka kwenye hewa ile ile ya matundu yale yale. Mwongoza ndege anaiona namba kwenye skrini yake na kuiamini. Anachosoma ni barua iliyotumwa na ndege.

Sasa nisikilizeni. Usiku wa tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliruka kutoka Lima kwenda Santiago. Ilikuwa imeoshwa na kung'arishwa, na aliyeiosha aliyaziba matundu ya statiki kwa tepu ya gundi, kama inavyotakiwa maji yasiingie. Akasahau kuibandua. Gundi yenyewe ilikuwa na rangi ya fedha, juu ya bodi yenye rangi hiyo hiyo. Aliyepaswa kukagua hakuiona. Rubani aliyeizunguka ndege gizani hakuiona. Wakapaa.

Juu ya bahari vipimo vikaanza kusema mambo ya ajabu. Onyo la kwenda kasi kupita kiasi likilia, na la kukosa mwendo likilia pia. Marubani wakafanya lile ambalo mimi na wewe tungefanya: wakamwuliza mtu wa chini. Mwongoza ndege akawasomea urefu uliokuwa kwenye skrini yake, futi 9,700. Walikuwa karibu kabisa na maji. Namba ile ilitoka kwao wenyewe, ikapanda mpaka kwenye rada, ikarudi masikioni mwao ikiwa imevaa joho la shahidi. Watu 70, hakuna aliyepona. Wahenga wetu walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo wa kipande kile cha gundi ulisafiri karibu nusu saa, na kila aliyeupokea aliupokea kwa nia njema.

Ndiyo maana nasema sahihi ya fundi ni kipimo cha mwisho. Baada yako hakuna mwingine anayegusa mrija. Wote wanaofuata wanasoma.

Na msidhani ni mambo ya zamani. Mwaka 2018 ndege ya Lion Air, 737 MAX, ilianguka baharini Indonesia na watu 189. Kihisi kimoja cha pembe ya upepo, kilichokuwa kimekarabatiwa kwenye karakana moja ya Florida, kilikuwa kinasema uongo wa nyuzi 21. Kilifungwa kwenye ndege ile siku moja kabla ya ajali. Fundi aliwapa wachunguzi picha kuonyesha kuwa alikipima baada ya kukifunga, wachunguzi wakazikataa: hazikuwa ushahidi wa ndege ile. Mzigo mkubwa ni wa waliobuni programu ya kuinamisha pua ya ndege kwa kuamini kihisi kimoja tu, sitawatetea hata kidogo. Kabla miezi mitano haijaisha programu hiyo hiyo ikawaua watu 157 wa Ethiopian waliokuwa wakija Nairobi, Wakenya wakiwa wengi kuliko taifa lolote jingine. Lakini naitazama picha ile ya fundi, naliona daftari lenu. Na 737 MAX zipo hapa nyumbani, Air Tanzania inaruka nazo. Nani atazifungua nyinyi mkimaliza? Nyinyi.

Mtasema mzee huyu alizaliwa malaika. Hapana. Nilianzia Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, mwaka 1974, kijana wa kubeba masanduku ya vifaa, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 nikarudi nyumbani na bisibisi zangu. Miaka michache baadaye nikawa kwenye karakana ya ndege ndogo. Fundi mkuu wetu alikuwa mzee wa Kitanga, mtu wa maneno machache na kofia. Siku moja alinipa ndege nipime kama mrija wa statiki unavuja. Mnalijua jaribio: unanyonya hewa mpaka altimita ipande futi 1,000, unafunga vali, unasubiri dakika moja, na mshale usishuke zaidi ya futi 100. Ilikuwa Ijumaa, jua kali, nami nilikuwa na posa ya kwenda kuisikiliza. Nikafunga vali, nikatupa jicho, nikaandika "futi 20".

Mzee akaja. "Umesubiri?"

"Nimesubiri."

"Dakika moja ina urefu gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akavua saa yake, akaniambia nifumbe macho, niseme dakika ikiisha. Nikangoja, nikangoja, nikasema tayari. Sekunde 35. Akanirudisha kwenye ndege, tukarudia jaribio, akasimama nyuma yangu akihesabu kwa sauti mpaka sitini. Mshale ulishuka futi 240. Kiungio kimoja cha mpira kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Hakunifukuza. Alinikataza kufuta ile 20. Akaniambia niikate kwa mstari mmoja ili isomeke, niandike pembeni "Sikusubiri", niweke sahihi. Ukurasa ule ulikaa kwenye faili ya ndege ile mpaka ilipouzwa, na kila mkaguzi aliyekuja aliniuliza kuhusu neno lile. Posa niliikosa siku hiyo. (Nyingine ilikuja, msinionee huruma.)

Kwa hiyo nilipoona "Sikupima" ya yule binti, nilimwona mzee wangu wa Kitanga amekaa kwenye viti vya nyuma.

Yapo na mengine niliyoyaona chuoni, nayataja haraka. Kuvaa kamba ya mkononi ya kuondoa umeme tuli kabla ya kushika kadi ya elektroniki si pambo. Kitabu cha matengenezo kisomwe toleo la leo, siyo fotokopi aliyowaachia kaka yenu wa mwaka juzi. Rada ya hali ya hewa iliyoko puani msiiwashe ardhini huku watu au gari la mafuta liko mbele yake. Jifunzeni kulehemu kwa bati, kwa mkono uliotulia, mikono niliyoiona inatetemeka. Pete na saa, vueni. Simu, zimeni.

Sasa nirudi kwa kijana wa "ada ni ya baba".

Mwanangu, umesema kweli, na kosa hilo silibebeshi mabega yako peke yako. Mwalimu anayetoa 17 kwa namba zilizopimwa na kifaa kilicho ndani ya ndoo, naye amesaini bila kusubiri. Mkuu anayenunua mapazia ya ukumbi wa mahafali kabla ya pampu, vivyo hivyo. Na kampuni zinazowapokea kwa mafunzo ya vitendo, zikawatuma chapati kwa wiki nane na kisha zikawagongea muhuri kuwa mmejifunza transponda, sijui zinamdanganya nani, maana watakaopanda ndege hizo ni wakurugenzi wake wenyewe. Tumelea taifa linalopenda cheti kuliko kazi iliyoandikwa ndani yake. Mzazi anauliza "umefaulu?", haulizi "umefanya?"

Mnaikumbuka chenji ya rada? Mlikuwa wadogo. Nchi yetu ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28 hivi, na kelele zikapigwa ndani na nje kuwa bei ni kubwa kuliko haja. Miaka ikapita, na Desemba 2010 kampuni hiyo ikakiri kosa mbele ya mahakama ya London. Watu walitarajia neno zito, rushwa. Kosa lililokiriwa lilikuwa kutotunza kumbukumbu za hesabu inavyotakiwa. Daftari! Ikapigwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikarudi kwetu, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Kwa umri wenu, baadhi yenu mlisomea juu ya madawati hayo. Mmekaa juu ya mbao zilizotokana na ukurasa ulioandikwa visivyo, mkajifunzia hapo kuandika. Nami siku ile nikawakuta na 29.29.

Kwa yule binti: nimemwandikia mkuu wa idara kuhusu alama zako. Sijajibiwa. Hata wakikataa, daftari lako nimeomba nakala yake, nitawaonyesha wenzangu wawili ambao bado wana hanga, banda la kutengenezea ndege, na wanatafuta mtu wa kumwachia funguo. Usibadilishe mwandiko.

Kwenu sita: sikuwataja majina kwenye ripoti yangu, ila niliandika kuwa jaribio halikufanyika na alama zake zifutwe kwa wote. Mlioninunia pale getini niliwaona. Nuneni.

Pampu nimeichukua nyumbani, ndoo na vyote. Kiwambo chake cha mpira kilichanika, na kuna kijana Kariakoo anayekata mpira wa namna hiyo kwa kipimo. Nimeijaribu juzi usiku kwenye meza ya kulia, mke wangu akishika saa, imeshika bila kushuka. Lakini kabla hatujaiamini, boksi zima litalinganishwa na kifaa chenye cheti cha usahihi ambacho rafiki yangu mmoja amekubali kutuazima kwa asubuhi moja.

Jumamosi ijayo saa mbili nitakuwa maabara. Njooni saba wote, kila mmoja na daftari jipya na kalamu ya wino. Penseli na vifutio viacheni bwenini. Saa ya kuhesabia nitaleta mwenyewe.

Mzee wenu wa pitoti