Albamu ya watu watatu na mafundi wanaosahauliwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie makala iliyotoka hivi karibuni kwenye ukurasa wa burudani, ambamo mwandishi alisema kwamba roki nzito ni kelele za magitaa zinazotaka nguvu kuliko maarifa, na kwamba kundi la watu watatu halistahili kuitwa bendi. Siandiki kwa hasira. Nimepiga dramu katika bendi za dansi hapa Dar es Salaam kwa miaka 22, na albamu iliyonifundisha kazi hii kuliko nyingine yoyote ni ya roki nzito, tena ilipigwa na watu watatu: Moving Pictures ya kundi la Rush la Canada, iliyotoka tarehe 12 Februari 1981.

Watatu hao walikuwa Geddy Lee, aliyeimba, akapiga gitaa la besi na vinanda. Alex Lifeson, mpiga gitaa. Na Neil Peart, mpiga dramu ambaye pia ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya maneno ya nyimbo zao. Jukwaani Lee alikuwa akiimba huku vidole vikitembea kwenye besi na miguu ikikanyaga pedali za kinanda zenye sauti nzito ya chini. Katika dansi yetu tuna solo, ridhimu, besi, tumba, dramu, matarumbeta na safu ya waimbaji, na mtu akiteleza wenzake humfunika bila msikilizaji kujua. Kwa watu watatu hakuna wa kumfunika mwenzake. Kila pigo lililokosewa linabaki wazi, na kila nafasi iliyoachwa kimya inasikika kuwa imeachwa kwa makusudi. Mwandishi wenu aliuona uchache huo kuwa upungufu. Mimi kwa miaka yote hii nimeuona kuwa mtihani.

Jambo ninalotaka hasa wasomaji walijue ni jinsi albamu hiyo ilivyoandaliwa kabla ya kanda kuanza kuzunguka. Baada ya albamu yao ya mwanzoni mwa 1980 walikuwa wamekusudia kutoa rekodi ya maonyesho yao ya jukwaani, lakini wakabadili nia na kuamua kutunga nyimbo mpya. Majira ya joto ya mwaka huo walijifungia katika shamba la mwanamuziki Ronnie Hawkins, karibu na Stony Lake katika jimbo la Ontario, wakafanya kazi ya kutunga na mazoezi. Kisha wakazitoa baadhi ya nyimbo, zikiwemo Tom Sawyer na Limelight, wakazipiga mbele ya watazamaji kabla hazijarekodiwa, ili wasikie wenyewe ni wapi wimbo unasimama na wapi unayumba. Hata sauti ya kinanda iliyomo katikati ya Tom Sawyer ilianzia kwenye majaribio ya mitambo, maana Lee alikuwa na kipande alichozoea kukipiga kila mara vyombo vilipojaribiwa kabla ya onyesho, nao wakakiokota na kukipa makao. Maneno ya wimbo huo yalianza kama shairi la Pye Dubois, mshairi wa Canada, ambalo Peart alilifanyia kazi na kuliongezea yake.

Nalinganisha na yaliyonipata mwenyewe. Niliwahi kuitwa katika studio moja ya jiji hili, nikaambiwa biti iko tayari na kinachotakiwa ni sauti za dramu zangu tu. Nikapiga kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, peke yake, kisha sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, kisha kila sahani mara kadhaa, nikalipwa, nikarudi nyumbani. Aliyeimba sikumwona wala mpiga gitaa sikumjua. Miezi michache baadaye wimbo ulipigwa ndani ya daladala niliyopanda, nikausikiliza wote mpaka mwisho bila kuitambua mikono yangu. Prodyuza yule hakunidhulumu, kwani malipo yangu nilipata yote, ila siku ile nilielewa kwamba mimi na wenzangu wa wimbo ule hatukuwahi kuwa bendi.

Rush waliingia Le Studio, huko Morin-Heights kwenye milima ya Laurentides kaskazini mwa Montreal, mwezi Oktoba 1980. Chumba cha kurekodia kilikuwa na dirisha kubwa linalotazama ziwa, na nyumba waliyolala ilikuwa upande mwingine wa maji. Aliyesimamia kazi pamoja nao ni Terry Brown, ambaye alikuwa msimamizi mwenza wa albamu zao tangu ile ya pili ya mwaka 1975, na fundi mitambo alikuwa Paul Northfield. Hapo ndipo palipofanyika jambo ambalo kila mpiga dramu angependa kulishuhudia: pamoja na maiki zilizowekwa kuzunguka ngoma kama ilivyo kawaida, kipaza sauti kimoja bapa kilibandikwa kwenye kifua cha Peart mwenyewe, kikanasa mlio wa chumba kizima jinsi ulivyomfikia yeye aliyekaa nyuma ya ngoma zake. Mtu asiyepiga dramu anaweza kuliona hilo dogo. Sisi tunajua kwamba mlio tunaousikia tukiwa kwenye kigoda si ule unaotoka kwenye spika, na kwamba tofauti hiyo imewasumbua wapigaji wengi maisha yao yote, wakijiuliza kwa nini rekodi haifanani na walichokipiga.

Katika Witch Hunt, wimbo unaohusu umati unaosaka wachawi kwa hofu na ujinga, walihitaji sauti za watu wenye ghadhabu. Wakatoka nje ya studio kwenye baridi kali pamoja na wasaidizi wao, wakapiga makelele, wakarekodi tena na tena na kulaza sauti moja juu ya nyingine, mpaka watu wale wachache wakasikika kama kijiji kizima kilichotoka na mienge. Msomaji wa Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho mekundu tu, atausikia mwanzo wa wimbo huo kwa namna ambayo huenda watunzi wenyewe hawakuiwazia.

Kuna wimbo mwingine humo usio na maneno hata moja, YYZ, na ndio ulionitesa. Jina ni herufi za utambulisho za uwanja wa ndege wa Toronto, mji wao, na pigo lake la mwanzo ni herufi hizo hizo katika alama za simu ya maandishi ya Morse, ambazo redio ya kuongozea ndege huzitangaza bila kukoma: ndefu, fupi, ndefu, ndefu, kisha hivyo hivyo tena, kisha ndefu, ndefu, fupi, fupi. Ukiihesabu alama ndefu kuwa robo mbili za pigo na fupi kuwa robo moja, Y ya kwanza inachukua robo 7, ya pili 7, na Z inachukua 6. Jumla ni 20, ambayo inaingia sawasawa katika mapigo 5 yenye robo nne kila moja. Nilikuwa na kaseti ya albamu hiyo niliyopewa na baharia mmoja bandarini, nikakaa na vijiko viwili juu ya meza ya jikoni, Tandika, majuma kadhaa, kabla mkono wa kushoto haujakubali kwamba mzunguko unafika mwisho kwenye pigo la tano na si la nne nililolizoea. Peart anauanza kwa kengele ndogo za shaba, polepole, kisha besi na gitaa vinamjia kwa pamoja kama mtu mmoja mwenye mikono sita. Kama hayo ni kelele, basi sijui hesabu ni nini.

Albamu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 4 nchini Marekani pekee. Peart alifariki tarehe 7 Januari 2020, na wenzake wamesema mara nyingi jinsi ilivyowawia vigumu kufikiria kundi lile bila yeye.

Mhariri, ombi langu ni hili. Ukurasa wenu wa burudani hutueleza msanii amevaa nini, amegombana na nani na amenunua gari gani, lakini kwa miaka niliyousoma sikumbuki kuuona ukieleza wimbo ulivyorekodiwa, nani alikaa kwenye mitambo, na maiki iliwekwa wapi. Bendi zetu kubwa zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zikipiga wote kwa pamoja, waimbaji na matarumbeta wakipangwa mbali au karibu na kipaza sauti ili sauti zipate uwiano, na mafundi mitambo walioipanga kazi hiyo ni wazee sasa. Baadhi yao wapo katika mitaa yetu, na hawajawahi kuulizwa na mwandishi wa habari hata swali moja. Ninawafahamu wawili, na nipo tayari kumpeleka mwandishi wenu kwao siku yoyote isiyo ya onyesho. Na akipenda kuisikiliza kwanza albamu niliyoitaja, kaseti bado ninayo na inapiga vizuri.

Mpiga dramu,
Temeke, Dar es Salaam