Fedha za mabasi zirudishwe kwenye mabasi

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa miaka mingi bila kuandika hata mstari mmoja. Ila ile habari ya serikali kuchota fedha za usafiri wa umma wa mitaa ili kuziba pengo la bajeti imenishinda kunyamazia. Afisa mliyemhoji anasema ni hatua ya muda tu. Ya muda kwake, labda.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama kliniki, miguu imemvimba, kadi yake mkononi. Basi la asubuhi limefutwa na hakuna aliyetangaza. Ratiba ya zamani bado imebandikwa kwenye nguzo. Lililofuata lilikuja limeshona hadi mlangoni, dereva akatupungia mkono akapita. Mama akakaa juu ya ukingo wa barabara kwa sababu kituo hakina benchi. Tulipofika kliniki, kadi zilishakusanywa, tukaambiwa turudi wiki nyingine. Hiyo ndiyo sura ya "pengo la bajeti" kwa mtu asiye na gari. Ile kodi iliyotozwa kwa jina la mabasi tulishailipa, na nauli tukalipa juu yake, halafu fedha zetu zikaenda kufuta madeni ambayo abiria hakuyakopa. Na hasara haiishii hapo. Fedha zikipungua, safari zinapunguzwa na nauli inapanda. Nauli ikipanda, wenye uwezo wanahama. Wakihama, mapato yanashuka, na mwakani safari zinapunguzwa tena. Anabaki mfanyakazi wa zamu ya usiku, mwanafunzi na mgonjwa. Hao ndio wanaofidia bajeti ya serikali.

Wasituambie haizuiliki. Jimbo la California, Marekani, lilifanya mchezo huu huu. Juni 2009 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba kuhamisha fedha za usafiri wa umma kwenda kwenye matumizi mengine ya jimbo kulivunja sheria, kwani wapiga kura walishaamua zitumike wapi. Mwaka huohuo bajeti ya jimbo ilikuwa imefuta ruzuku ya uendeshaji wa mabasi na treni. Wananchi hawakukaa kimya: Novemba 2010 walipitisha kwa kura Pendekezo la 22, likaingia kwenye katiba ya jimbo, na serikali ikakatazwa kuchukua au hata kukopa fedha za usafiri za mitaa.

Na hivyo vituo, mhariri, kwa nini hamviandiki? Maegesho ya magari ya wakubwa yana paa. Kituo cha hospitali hakina, na wagonjwa wananyeshewa.

Ninachotaka ni hiki. Fedha zilizochukuliwa zirudishwe pamoja na riba, kwa tarehe iliyoandikwa. Kodi ya mabasi iwe na akaunti yake, isitolewe senti bila saini ya halmashauri na ya mwakilishi wa abiria, mtu anayepanda basi kila siku. Kisha kila mwezi salio la akaunti hiyo libandikwe ndani ya kila basi, nyuma ya kiti cha dereva, kwa maandishi ambayo mama yangu anaweza kuyasoma bila miwani: zimeingia kiasi gani, zimetoka kiasi gani, aliyeidhinisha ni nani. Nanyi gazetini mchapishe hesabu hiyohiyo ukurasa wa kwanza, kuanzia mwezi ujao.

Msomaji wenu, abiria