Barua ya wazi kwa mwanangu: usiombe radhi kwa kosa ambalo hukulifanya

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na barua ya chuo uliyoniambatishia, inayokutuhumu kuwa insha yako imeandikwa na akili mnemba, nimeisoma neno kwa neno. Unaniuliza kama itafaa umwandikie profesa umwombe radhi ili mambo yaishe. Mimi shangazi yako nakusihi usifanye hivyo. Nakujibu hapa hadharani, bila jina lako wala la chuo chako, kwa sababu najua hauko peke yako. Vijana wetu wengi wa Tanga, Mombasa, Bujumbura na Goma wanaosoma huku Marekani wanapata barua za namna hii, wanajifungia chumbani kwa aibu, na hawamwambii mtu.

Wazo lako najua limetoka wapi. Umelelewa vizuri. Kwetu mkubwa akikasirika unainamisha kichwa, unasema nisamehe hata kama hujakosa, naye anapoa, maisha yanaendelea. Huo ni ustaarabu wetu na sitaki uupoteze. Ila ofisi ya nidhamu ya chuo haiendeshwi hivyo. Radhi yako itawekwa kwenye faili, na watu ambao hawajawahi kukutia machoni wataisoma kama kukiri kosa. Vyuo vingi vina fomu ya kukubali tuhuma. Ukishaitia saini, mara nyingi hakuna kikao tena, na rufaa inabaki na mlango mwembamba sana au hakuna kabisa. Nimewasindikiza vijana wetu kwenye vikao hivi. Waliokuwa taabani kuliko wote ni wale waliokwisha kuandika barua pepe usiku wa manane: "Naomba unisamehe, sitarudia." Hutarudia nini, mwanangu, kama hukufanya?

Sasa tuje kwenye tuhuma yenyewe. Wanasema insha yako ya historia imeandikwa na akili mnemba, na ushahidi wanaoutaja ni asilimia iliyotolewa na programu ya kukagua. Hapo ndipo pa kusimama. Programu hizi zinakisia. Kampuni ya OpenAI, wenyewe waliotengeneza ChatGPT, walikuwa na chombo chao cha kutambua maandishi ya mashine, wakakiondoa Julai 2023 kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt kikazima kitambuzi cha Turnitin, programu ambayo vyuo hupitishia kazi za wanafunzi kuzikagua. Hesabu waliyoitoa ni rahisi kuielewa: mwaka 2022 walipitisha kazi kama 75,000 kwenye Turnitin, kwa hiyo hata kosa la asilimia 1 tu lingemaanisha wanafunzi wapatao 750 kushukiwa bure.

Lipo jingine linalokugusa wewe moja kwa moja. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walivipima vitambuzi saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo zilitajwa kuwa ni za mashine, na zote zilikuwa za binadamu. Mtu aliyejifunza Kiingereza darasani huandika sentensi zilizonyooka, kwa msamiati wa kawaida, na vitambuzi hivyo vinaona unyoofu huo kama alama ya mashine. Utafiti huo uambatishe. Lakini angalia, Turnitin haikuwa miongoni mwa vile saba, basi usije ukasema ilikuwemo. Wakikukamata kwa neno moja lisilo kweli, hawatakuamini kwa mengine kumi.

Kuonyesha udhaifu wa programu hakutoshi, maana mzigo wa ushahidi katika vikao hivi ni mwepesi. Kwenye kesi ya jinai lazima kosa lithibitishwe pasipo shaka. Vyuo vingi vinaridhika ikionekana tu kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa ulifanya kuliko kuwa hukufanya. Kwa hiyo lazima uweke kitu mezani, na bahati nzuri unacho. Uliniambia insha uliiandika kwenye Google Docs. Fungua historia ya matoleo ya faili ile. Itaonyesha tarehe, saa, aya zilizoongezwa na zilizofutwa. Usilihariri faili hilo tena, hata nukta. Piga picha za skrini, kisha kusanya daftari lako la maelezo, vitabu ulivyoazima maktaba, vyanzo ulivyosoma, na insha zako za zamani zinazoonyesha mtindo wako ni uleule. Kama ulimwendea mkufunzi wa kituo cha uandishi, mwombe akuandikie mistari michache kwamba alikuona na rasimu. Jizoeze pia kuieleza insha kwa mdomo, kwa nini ulianza na hoja ile na ile nyingine ukaiacha. Wajumbe wa kikao huuliza hayo, na aliyeandika mwenyewe ana majibu.

Na kama ipo sehemu, hata aya moja, ambayo uliitumia mashine hiyo, niambie kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Sitakufukuza. Tutaangalia mwongozo wa kozi uliruhusu nini na ulikataza nini, kisha tutasema ukweli kwa kiasi chake, bila kuupunguza na bila kujibebesha ambayo hukufanya. Kudanganya mbele ya kikao huhesabika kuwa kosa jingine, na mara nyingi adhabu yake huzidi ya lile la kwanza.

Leo hii, kabla hujalala, andika barua pepe fupi kwa ofisi ya nidhamu. Kwa adabu, mistari michache tu. Sema umepokea barua, unakana tuhuma, unaomba nakala ya ushahidi wote walio nao, na unaomba kujua tarehe ya kikao na kanuni kitakazozifuata. Sheria ya shirikisho ya 1974 iitwayo FERPA inakupa haki ya kuona kumbukumbu zako za masomo. Ila chuo kina hadi siku 45 za kukuonyesha, na kikao kinaweza kufika mapema kuliko hapo, ndiyo maana nasema leo. Halafu soma mwongozo wa wanafunzi ukurasa kwa ukurasa, hasa sura ya nidhamu. Wengi hawausomi. Wakikiuka utaratibu wao wenyewe, hiyo ni hoja nzito ya rufaa, lakini utaijuaje kama hujausoma?

Usidhani kudai kusikilizwa ni ujeuri wa mgeni. Haki hiyo ilipiganiwa hapahapa. Februari 1960, wanafunzi weusi wa chuo cha serikali kule Montgomery, Alabama, waliingia mgahawa wa jengo la mahakama wakaomba kuhudumiwa, wakakataliwa. Muda mfupi baadaye wanafunzi tisa walifukuzwa chuo bila kuelezwa kosa hasa na bila kusikilizwa. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na mwaka 1961 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua, katika kesi ya Dixon dhidi ya Bodi ya Elimu ya Jimbo la Alabama, kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa utovu wa nidhamu bila kumjulisha tuhuma na kumpa nafasi ya kujitetea. Chuo chako ni cha umma, uamuzi ule umejenga msingi wa kikao unachoitiwa. Mwenzako aliye chuo binafsi hana kinga ileile ya katiba. Yeye hutegemea zaidi ahadi zilizomo kwenye mwongozo wa chuo chake, ambazo mahakama nyingi huzitazama kama mkataba.

Viza ndiyo inayoninyima usingizi. Usije ukaiacha kozi hiyo kwa hasira au hofu. Mwenye viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, wa shahada ya kwanza anatakiwa kusoma angalau krediti 12 kwa muhula, na kushuka chini yake bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kunaharibu hadhi yako ya uhamiaji. Ukijitoa chuoni kwa idhini yao unapewa siku 15 za kuondoka nchini. Ukijiondokea kimyakimya hupewi hata hizo. Ukisimamishwa masomo, rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, huweza kufungwa. Nenda ukaonane na mshauri wa ofisi hiyo wiki hii, na adhabu ya kusimamishwa ikianza kutajwa tutatafuta wakili wa uhamiaji siku hiyohiyo. Gharama niachie mimi na baba yako.

Ndiyo, baba yako, najua hutaki ajue. Mwambie. Chuo hakitazungumza naye bila idhini yako ya maandishi hata akipiga simu kutwa kutoka Tanga, kwa hiyo habari ni lazima itoke kwako. Atafoka kwanza. Mimi kaka yangu namjua, akimaliza kufoka atauliza kinachotakiwa ni nini. Zaidi ya hapo, usilizungumzie jambo hili kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na usimfuate profesa ofisini kwake kubishana. Ukikutana naye msalimie kama kawaida, upite.

Siku ya kikao, sikiliza swali mpaka mwisho, jibu lililoulizwa, nyamaza. Mtazame machoni anayekuuliza. Huku mtu anayetazama chini huonekana kama anaficha kitu, japo kwetu ni heshima. Usipoelewa, omba warudie. Vyuo vingi vinaruhusu uje na mshauri mmoja. Kwa kawaida haruhusiwi kukusemea, ila anaweza kukunong'oneza na kukuandikia maelezo. Uamuzi ukija vibaya, angalia mwisho wa kukata rufaa kabla hujafanya lolote, kwa sababu vyuo vingine vinatoa siku tano tu za kazi.

Nitumie mwongozo wa chuo, mtaala wa kozi na rasimu ya ile barua pepe kabla hujaituma. Na wakishapanga tarehe, wajulishe kwamba mshauri wako atakuwa shangazi yako. Kazini nimeshaomba ruhusa.

Shangazi yako